Bustani Isiwe Adhabu, Isiwe Mradi

Kama sufuria iko motoni, punguza moto. Kama uko kwenye bodaboda, mwambie kijana asimame pembeni kidogo, maana maneno ya leo yanataka mtu aliyetulia. Tunazungumza bustani ya mboga ya nyumbani, ile ya uani, ya matuta manne au matano, inayolimwa na watu wa nyumba moja na kuliwa na watu wa nyumba hiyo hiyo. Na niseme mapema: sikuja kuwafundisha utajiri.

Masika yamekwisha. Hapa Kingolwira ukitoka nje asubuhi wingu bado limelala juu ya Uluguru, na milima haijitokezi vizuri mpaka saa tatu, saa nne. Baridi ya Juni imeingia. Ukichimba kiganja kimoja unakuta udongo una unyevu. Huu ndio wakati wenyewe, na ajabu ni kwamba wengi wetu huuacha upite. Tumezoea kufikiri kwamba bustani huanza pamoja na mahindi, mvua za Machi zinapogonga bati. Lakini masika na mboga havipatani sana. Mvua kubwa huupiga mchicha ukajaa tope hadi kwenye majani, miche hulala, nyanya hushikwa na bakajani ndani ya wiki moja. Ndiyo maana bei ya nyanya gengeni hupanda mwezi wa nne, wakati ambapo nchi nzima ni kijani na mtu angetegemea vyakula vimwagike. Kuanzia Juni mpaka Agosti jua ni la kiasi, magonjwa ni machache, na kinachotakiwa ni ndoo ya maji asubuhi au jioni. Hata maji ya kuoshea mchele yanafaa.

Nimesema sikuja kufundisha utajiri, kwa sababu siku hizi habari ya kilimo haitamkwi bila neno fursa. Kijana anafungua simu, anaonyeshwa hesabu ya eka moja ya tikiti: mbegu kiasi hiki, mbolea kiasi hiki, baada ya miezi mitatu mamilioni. Sina ugomvi na biashara. Kule Mgeta, upande wa pili wa milima yetu, kabichi na karoti zimesomesha watoto mpaka vyuo. Ugomvi wangu ni hesabu hiyo inapoingia uani. Baba anakaa chini na kalamu: samadi kiasi gani, maji ya bomba kiasi gani, muda wa mama kiasi gani, halafu analinganisha na bei ya fungu la mchicha kwa mama wa genge. Anafunga daftari. Haina faida. Na msikilizaji, kwa hesabu ile baba yuko sahihi kabisa. Bustani ya matuta matano haimtajirishi mtu. Ila hesabu ile haina mstari wa furaha, na furaha ndiyo inayowarudisha watu kwenye jembe kila mwaka.

Lakini kuitaja furaha na jembe katika sentensi moja, hapa kwetu, kunahitaji maelezo. Jembe lina historia mbaya.

Tazama mahali tulipo. Kingolwira ni kata ya Manispaa ya Morogoro, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na mkonge ukatawala nchi hii: Tungi, Pangawe, Kingolwira. Pamoja na mkonge wakaja manamba kutoka mikoa ya mbali, na kila manamba alikuwa na kipande chake cha siku 30 za kazi, siku isiyotiwa alama haina mshahara. Wajukuu wa watu hao ni majirani zetu leo, na wengine ndio sisi. Kisha kuna gereza. Gereza la Kingolwira ni gereza la kilimo tangu enzi za Waingereza, na mtoto aliyezaliwa hapa amewaona wafungwa wakiwa na magwanda ya rangi ya machungwa, wamejipanga mstari, wakilima, askari amesimama. Mtoto yule anajifunza nini kuhusu jembe? Anajifunza kwamba ni kitu anachopewa mtu aliyekosa.

Halafu anakwenda shule, na shule inamthibitishia. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba. Wengi tunakumbuka hilo la shamba tu. Tumesahau kwamba katika maandishi yale yale alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi yao na waone faida ya jasho lao. Yaliyotufikia wengi wetu ni mengine: umechelewa namba, kalime matuta mawili, umeongea darasani, kamwagilie bustani ya mwalimu. Nyanya za bustani ile tulizijua kwa macho. Mtu aliyekua hivyo, ukimwambia leo kwamba kuna furaha katika kupanda figiri, anakutazama kama umepungukiwa. Simlaumu.

Na milima nayo ina habari yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ikawaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini ilikuwa amri, yenye faini kwa asiyechimba, na wachimbaji waliona udongo wa chini usio na rutuba ukiletwa juu na mahindi yakinyauka. Mwaka 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Sasa sikiliza la ajabu. Kule Mgeta ngazi zipo mpaka leo. Ukipanda huko unaziona zimepangana mlima mzima, zina karoti, njegere, kabichi, viazi. Mboga hizo zilifika na wamisionari na Wajerumani, watu wakaona zina soko, wakaona maji ya milimani yanaweza kuelekezwa kwenye ngazi, wakazitunza. Milima ni ile ile, Waluguru ni wale wale. Upande mmoja tuta lilikuwa la bwana shamba, upande mwingine likawa la mwenyewe.

Kwa hiyo mzazi anayeamka Jumamosi na kupiga kelele, "Nyie, wote nje, shika majembe," amekwisha kuiua bustani kabla hajasia mbegu. Ameifanya Matombo ya 1955 uani kwake. Nimeziona nyumba kama hizo. Matuta yananyooka vizuri siku ya kwanza, wiki ya tatu yamejaa majani, na kila mtoto ana homa jioni ya kumwagilia.

Ni vizuri zaidi kuanza mezani, usiku, baada ya chakula. Uliza swali moja tu: mwaka huu tupande nini? Halafu nyamaza. Utashangaa. Baba anayejifanya hana muda na mambo ya mboga atasema pilipili, na atakuwa na maoni kuhusu pilipili ipi. Bibi atataka mnavu na mgagani, ambao wengine wataukunjia uso kwa uchungu wake, na bibi atawaambia hawajui chakula. Dada mkubwa atataka hoho kwa sababu ameona pilau fulani kwenye simu. Mdogo kuliko wote atataka karoti. Mtabishana kuhusu bamia, maana kila nyumba ina mtu mmoja asiyekula mlenda wala bamia na anayeona kwamba kura yake ihesabiwe mara mbili. Ubishi huo ndio mwanzo wa bustani. Hapo mbegu haijanunuliwa na tayari nyumba ina jambo la pamoja lisilo ada, lisilo msiba, lisilo deni. Hebu fikirini mara ngapi kwa mwaka tunakaa wote kuzungumza kitu cha namna hiyo.

Kisha kila mtu apewe tuta lake. Hili nalisisitiza kwa wazazi: tuta la mtoto liwe la mtoto, hata likipinda. Usilinyooshe usiku kwa siri. Na umsaidie kuchagua, kwa sababu karoti ni katili kwa mtoto. Hukaa ardhini hata wiki mbili bila kujionyesha, halafu miezi mitatu mingine ndipo upate kitu cha kutafuna. Mpe mchicha. Mchicha huota siku ya nne au ya tano, na ukiupa samadi iliyoiva na maji, ndani ya wiki tatu au nne uko tayari kung'olewa. Mbegu zake ni ndogo sana, kwa hiyo mwonyeshe kuzichanganya na mchanga mkavu ili zisimwagike mahali pamoja. Au mpe maharage, ambayo humwonyesha kila hatua: udongo unapasuka, shingo inajikunja, mbegu inainuliwa juu kama kofia, halafu majani yanafunguka. Mtoto aliyeona hilo atakuamsha wewe asubuhi, hutamwamsha yeye.

Kuna kazi, sifichi. Samadi ikaushwe na iive, usichukue mbichi kutoka bandani ukaunguza miche. Nyanya, bilinganya, ngogwe na hoho zianzie kitaluni, zikae wiki tatu au nne, zipandikizwe jioni jua likipoa. Ardhi ifunikwe na nyasi kavu, yale matandazo, maana bila hayo utamwagilia asubuhi na saa nane pamekauka. Matembele ndiyo rafiki wa mvivu: chomeka marando, yanyweshe siku za kwanza, halafu yasahau, yatakulisha mpaka ukome. Kwa wadudu wadogo, majani ya muarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa yanasaidia sana, na huku Morogoro hatuna sababu ya kutoyajua hayo. Mwaka 2009 kulianza kule Towelo, mlimani hapo juu ya mji, kazi iliyoitwa Bustani ya Tushikamane, ya kufundishana kilimo kisicho na dawa za viwandani, na mwaka 2011 ikakua ikawa shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, SAT. Tena sisi ni mji wa mbegu. Wakala wa Mbegu za Kilimo makao yake ni Morogoro, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, TOSCI, ipo Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro. Mtu wa Kingolwira akisema hajui pa kuuliza habari ya mbegu, huyo hataki kuuliza. Neno moja tu: ukinunua mbegu chotara, usihifadhi mbegu za matunda yake ukitegemea mwakani kupata yale yale. Mnavu wa bibi, huo hifadhi.

Maji je? Mto Ngerengere tunao, lakini kabla haujatufikia unapita mjini na kwenye viwanda. Mboga za majani zimwagilieni maji ya bomba, ya kisima au ya mvua mliyokinga.

Adui mkubwa lakini si mdudu. Ni kuku. Na kibaya zaidi, ni kuku wa jirani, kwa sababu kuku hajui mpaka wa kiwanja, na mwenye kuku hujifanya hajui pia. Hapa kuna diplomasia nzima. Unaweza kwenda kugomba, ukapata adui wa miaka. Unaweza kuweka uzio wa miiba na mabua, nao husaidia. Lakini njia ninayoiamini ni kwamba mchicha wa kwanza kabisa, fungu la kwanza, upelekwe kwa mwenye kuku. Jirani aliyekula mchicha wako atawafungia kuku wake bandani mpaka saa kumi, akijua fungu la pili liko njiani.

Na hapa nimefika kwenye kile ambacho fedha haiwezi. Hakuna mtu anayekwenda gengeni, ananunua mafungu mawili ya mchicha, akampelekea jirani moja. Angemshangaza. Lakini bustani humlazimisha mtu kugawa. Bamia usipoichuma siku mbili inakakamaa, hata kisu kinakataa. Figiri ikichelewa inatoa maua. Chainizi huja yote kwa pamoja. Mboga hizo huwezi kuzila zote, huwezi kuziuza kwa kuwa ni chache, basi mtoto anatumwa: peleka kwa mama fulani, mwambie tumesalimia. Bakuli hurudi lina kitu. Ndimu, maembe, wakati mwingine habari tu. Hapa Kingolwira nyumba zinaongezeka kila mwaka, viwanja vinapimwa palipokuwa mkonge, na watu wanahamia wasiojuana kabila wala asili. Kuna mitaa ambayo salamu ya kwanza kati ya nyumba mbili ilikuwa bakuli la matembele.

Ladha yenyewe nayo, jamani. Unabandika maji ya ugali kwanza, ndipo unatoka nje kuchuma. Mboga inaingia sufuriani haijajua kama imeng'olewa. Hata anayeupika mchicha kwa kitunguu na chumvi tu, bila nazi wala karanga, atakwambia si ule uliokaa juani gengeni tangu asubuhi ukinyunyiziwa maji. Wataalamu wa afya wanatutaka tule walau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba kati ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano, asilimia 30 wamedumaa. Hilo ni jambo zito, lina sababu nyingi, na matuta matano hayatalimaliza. Lakini mtoto aliyepanda mwenyewe hula mwenyewe. Hilo waulizeni akina mama, watawaambia.

Mtaniambia: wewe mtangazaji unasema hivyo kwa sababu una ua. Sisi tumepanga chumba na sebule, mwenye nyumba amemwaga zege mpaka getini. Sawa. Kibera, Nairobi, baada ya vurugu za uchaguzi za mwaka 2007 na 2008, maelfu ya familia zilianza kulima kwenye magunia, mahali ambapo watu wamebanana kuliko mtaa wowote wa hapa kwetu. Gunia linajazwa udongo na samadi, katikati kunapita nguzo ya kokoto ili maji yafike mpaka chini, ubavuni yanatobolewa matundu na kila tundu linapandwa mche, na juu kunapandwa pia. Gunia moja, nyumba inapata mboga. Kama mwenye nyumba ananung'unika, rudi kwenye somo la kuku.

Sasa nimalizie na kile cha kila mwaka. Mwaka hadi mwaka kitu kitakufa. Kinyausi kitaingia kitaluni, ulale miche imesimama, uamke imelala. Kantangaze atatoboa nyanya. Mbuzi wa mtu asiyejulikana atapita mara moja tu, na mara moja inatosha. Mwenye eka kumi za mahindi akipata hasara amepoteza mwaka mzima na pengine ada za watoto. Mwenye tuta la mchicha amepoteza wiki tatu na mbegu za kiganjani. Anacheka, anachimbua, anasia tena. Ndiyo maana nasema msiifanye mradi. Mradi ukishindwa watu wanatafuta wa kumlaumu. Hii ikishindwa watu wanabishana tena mezani, safari hii kwa ujuzi zaidi, na bibi anakumbusha kwamba alisema tangu mwanzo pale chini ya mwembe pana kivuli.

Tarehe 8 Agosti inakuja. Viwanja vya Nane Nane vya Kanda ya Mashariki viko hapa hapa Tungi, jirani kabisa, na Dar es Salaam, Pwani na Tanga watatujia. Tutakwenda, tutaona vipando vilivyonyooka kama vimepimwa kwa rula, tutapiga picha mbele ya kabichi zinazolingana, na wengi tutarudi kwenye ua mtupu, tukiamini kwamba kulima ni kwa wale wataalamu wenye fulana za kufanana. Bustani ya maonyesho ni nzuri, lakini haina kuku, haina mtoto, wala mgeni wa ghafla anayehitaji mboga saa mbili usiku. Msijipime nayo. Nendeni mkaulize maswali, mnunue mbegu zenye lebo, mrudi.

Na msisubiri Agosti. Mchicha unaosiwa wiki ya kwanza ya Julai utakuwa mezani kabla ya Nane Nane. Leo usiku, mkimaliza kula, ulizeni lile swali. Jumamosi asubuhi toeni jembe, na mkubwa wa nyumba ashike la kwanza, bila kumwamuru mtu. Atakayetaka tuta lake, apewe.